Mikono Kichwani Katikati ya Maua

Ule mlio wa milango ya gari kujifunga yenyewe, tak, yote minne kwa pamoja, ndio utoto wangu. Wengine ukiwauliza watakutajia moshi wa jikoni kwa bibi yao, au mvua juu ya bati. Mimi nataja tak. Nataja kiti cha nyuma upande wa kulia, harufu ya kuku wa kukaanga aliyefungwa kwenye foili, vitunguu vya kachumbari, na kile kimti cha karatasi kinachoning'inizwa kwenye kioo ili gari linukie. Na nataja mlango ambao ukivuta kitasa chake kutoka ndani haufunguki, kwa sababu una kile kidude cha kuzuia watoto wadogo wasianguke barabarani. Nilikuwa na miaka kumi na tatu. Upande wa kushoto alikaa Brenda, mwenye miaka sita, na mlango wake ulikuwa unafunguka vizuri tu. Katikati yetu alifungwa mikanda Kelvin, miaka mitatu. Kati yetu sisi watatu, aliyewekewa kidude ni mimi.

Nitawataja watu kwa majina, maana nimechoka kuambiwa nisamehe watu wasiotajwa. Wa kwanza ni Shangazi Neema, dada wa baba yangu, tumbo moja. Baba alipofariki, Shangazi alikuja Tukuyu kwenye msiba kutoka Marekani, akiwa na koti refu jeusi na viatu visivyoogopa matope. Siku ya tatu baada ya mazishi, ukoo ukiwa umekaa, akasema atanichukua mimi akanisomeshe. Wakapiga makofi. Nilikuwa nimemaliza darasa la nne na nilikuwa wa pili darasani, nataka hilo lijulikane. Sijaingia darasa la tano mpaka leo. Nilifikishwa Euless, Texas, karibu na uwanja wa ndege, kwenye nyumba ya kupanga ghorofa ya pili, nikakabidhiwa Kelvin akiwa mchanga wa miezi minne, na kazi ikaanza siku ileile kabla hata sijavua sweta nililosafiri nalo. Shangazi alikuwa anafanya kazi ofisini Plano, anaondoka asubuhi na anarudi jioni. Akiondoka anafunga. Wa pili ni mume wake, Anko Gideoni, aliyekuwa anapakia mizigo uwanja wa ndege. Anko hakunipiga hata siku moja. Alikuwa ananiletea pipi, ananiita "mwanangu Tuse", na gari ni yeye aliyekuwa analiendesha. Ndiyo maana namtaja.

Sasa utauliza, mama yangu alikuwa hajui? Hapo ndipo penyewe. Barua aliandika Shangazi, mimi nikaweka jina tu chini. Simu ilipigwa mara chache, mama akiwa ameitwa kwa jirani mwenye simu, na Shangazi amenibana pembeni, sikio lake likiwa kwenye kipokeo kilekile. Kilichobaki ni picha. Miaka ile, kila Mtanzania wa Texas alikuwa anauliza swali moja: nani anasafiri? Maana anayekwenda nyumbani hubeba mizigo ya wote, viatu, dawa za vitamini, na bahasha za picha zilizoandikwa jina la kila mpokeaji. Kila majira ya machipuo mtu wetu wa kusafiri alipatikana Houston. Basi familia ilipakiwa kwenye gari kumpelekea mzigo, na kwa kuwa barabara ya kutoka Dallas kwenda Houston majira yale imejaa maua, safari ikafanywa matembezi. Tulikwenda polepole, tukisimama kila penye pa kusimama. Na palipokuwa na maua mengi kuliko kote, nilivishwa sketi ya mistari na begi la shule la kuazima, tukapiga picha ya kupelekewa mama. Begi lilijazwa taulo ili lionekane zito.

Siwezi kusema nchi ile haikuwa nzuri. Ningekuwa muongo. Ukishapita majengo ya mwisho ya Dallas, ardhi inalala chini, kijani mpaka macho yanachoka, ng'ombe wamesimama kwenye majani yaliyowafika tumboni, vidimbwi vya maji vinang'aa, na pembeni mwa barabara maua ya buluu yamemwagika kama mtu alikuwa anafua akasahau bomba wazi. Katikati yake yanatokea mekundu, na ya njano. Anko alikuwa mtoto wa wafugaji, basi akiona ng'ombe anapunguza mwendo mpaka malori yanatupigia honi. "Tazama huyo wa mabaka," anasema. Shangazi anajibu, "Gideoni, wewe drive tu, ng'ombe wa watu hao." Mimi nilikuwa nimebandika paji la uso kwenye kioo. Kila mji una mnara wa maji ulioandikwa jina la mji huo, na ile minara ndiyo iliyokuwa shule yangu. Ennis. Corsicana. Nilisoma herufi moja moja kwa midomo bila kutoa sauti, nikazihifadhi, nikazirudia Euless wakati naosha chupa za mtoto. Unaweza kuiangalia nchi nzuri namna ile saa tano mfululizo, na kitu unachokiona zaidi kikawa ni kitasa.

Mwaka wa kwanza nilitabasamu nilivyoambiwa. Nilifikiri shule bado inakuja. Mwaka wa pili nilinuna makusudi, ili mama aone. Shangazi alikuwa na kawaida ya kushika kamera mwenyewe, anaangalia kwenye kile kitundu kwa muda mrefu kama fundi wa saa. "Tabasamu basi, utafikiri umekunywa shubiri. Nyoosha shingo, mama yako asije akadhani tunakulisha majani." Nikaendelea kununa. Akashusha kamera, akanisogelea, akanibana nyama ya ndani ya mkono, hapa juu ambapo alama haionekani, akarudi, akaangalia tena kitunduni. Nikatabasamu. Picha ile nayo ilikwenda Tukuyu. Mama akatuma salamu kwamba nimependeza.

Kwetu, mtoto haweki mikono miwili kichwani. Hiyo ni mikono ya msiba. Nikiwa mdogo nikijisahau, nimechoka labda, nikafumbata vidole juu ya utosi, mama alikuwa anaacha anachofanya na kuja kunishusha kwa kofi la mgongo wa mkono: "Shusha! Unamlilia nani? Unataka kunizika?" Hakukuwa na sababu iliyokubaliwa, si uchovu, si mvua. Na mara ya mwisho kumwona yeye ameweka ya kwake ilikuwa pale shimoni, baba akishushwa. Nilimwangalia vile viwiko vimetanuka pande zote mbili, kanga imeanguka, na hakuna aliyemwambia ashushe. Basi majira yale ya tatu, nikiwa na Kelvin mgongoni jikoni Euless, nikasikia Shangazi anasema kwenye simu kwamba safari hii anayesafiri ni Mama Doris wa Houston. Mama Doris alikuwa nesi, na kwao na kwetu ni mwendo wa kwenda kwa miguu. Bahasha ingefika mkononi mwa mama. Nikajua ninachotaka kufanya. Sikujua tu Shangazi atashikaje kamera asinione.

Siku hiyo mawingu yalitanda tangu asubuhi, mazito, ya rangi ya blanketi la hospitali. Shangazi alitaka tuahirishe picha, Anko akasema maua hayajali jua. Tulitoka barabara kuu karibu na Ennis tukaingia njia ndogo yenye mashamba, na hapo buluu ilikuwa imepanda kilima na kushuka upande wa pili. Anko akazunguka akanifungulia mlango kutoka nje. Nilivishwa begi. Shangazi akawapiga picha Brenda na Kelvin, wamekaa, wamesimama, wamebusiana, wamelia, mpaka akaona filamu imebaki moja. "Hii ya mwisho ya Tuse," akasema. Ndipo likasimama gari la wazi nyuma, wakashuka mzee wa Kizungu mwenye kofia pana na mke wake. Yule mzee akaonyesha kwa mikono: nipe kamera, ingieni wote. Anko akafurahi kama amepewa zawadi. "Mama Brenda, njoo bwana, na wewe uonekane angalau mara moja. Kila mwaka wewe ni mpiga picha." Shangazi akakataa, hajapaka hata rangi ya mdomo, huku anajitengeneza nywele. Akatupanga. Yeye na Anko mbele wamechuchumaa na watoto. "Wewe simama nyuma, mkanda wa begi uonekane. Na utabasamu."

Kwa mara ya kwanza tangu niingie nchi ile, Shangazi alikuwa amenipa mgongo na kamera iko mikononi mwa mtu mwingine. Nilisikia mzee anahesabu. Moja, mbili. Nikainua mikono yote miwili nikaiweka utosini, vidole nikavifumbata, viwiko nikavitanua kama mama alivyovitanua. Yule mzee akashusha kamera kidogo akaniangalia. Akaniangalia mimi, si wengine. Nilikuwa nalijua neno moja la Kiingereza la kumwambia, nilikuwa nimelisikia kwenye televisheni mara nyingi mtu akizama, na lilikuwa limeshafika mdomoni. Mzee akatabasamu, akarudisha kamera jichoni, akabonyeza. Kamera ikaanza kuunguruma yenyewe kuirudisha filamu ndani, kama zilivyokuwa kamera za wakati ule zikimaliza. Nikashusha mikono kabla Shangazi hajageuka. Yule mzee alipopita karibu yangu, mimi na lile neno langu, nikamwambia asante kwa Kizungu, kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa kumwambia mgeni. Mlango ukafungwa. Tak. "Basi hiyo hiyo ya wote ndiyo itakwenda kwa mama yake," Shangazi akasema. Njia yote mpaka Houston niliikalia mikono yangu.

Nyumbani kwa Mama Doris kulikuwa na pilau na masanduku matatu wazi sebuleni. Anko alipeleka filamu kusafishwa kwenye duka la jirani, akarudi baada ya saa moja na picha kwenye bahasha, akaiweka mezani, akaenda gereji pamoja na Shangazi kupima masanduku. Mimi nilikuwa hapohapo mezani, namenya vitunguu. Mama Doris akakaa, akaanza kuzipanga picha kwa mafungu, hii ya bibi yake Brenda, hii ya Mbeya. Alipofika ya mwisho mkono ukasimama. Yeye ni mtu wa kwetu. Hakuhitaji kuelezwa. Akaniangalia juu ya miwani.

"Nani kafa, mwanangu?"

"Hakuna aliyekufa, mama."

"Sasa?"

"Nataka kwenda nyumbani. Sisomi, mama. Sijawahi kusoma hata siku moja."

Macho yake yakaenda kwenye mikono yangu na kile kisu. Gerejini akasikika Shangazi anacheka, mlango ukafunguliwa, "Mama Doris, zimetoka?" Na yule mama, haraka, akaichomeka picha kwenye bahasha ya mama yangu, akalamba gundi, akabonyeza kwa kiganja. "Zimetoka vizuri, Mama Brenda. Ya Tukuyu nimeshaifunga." Shangazi akasema ah, hata mimi sijaiona, na akaziangalia zilizobaki. Nilimpenda Mama Doris pale mezani kuliko nilivyowahi kumpenda mtu yeyote. Niliporudi kwenye kiti changu upande wa kulia, nilivuta kitasa kidogo, si kwa kutaka kutoka, kwa kukiaga tu.

Nilisubiri. Maua yakakauka, joto likaja, lile joto la Texas linalokuzuia hata kugusa dirisha. Kila simu ikilia naacha ninachofanya. Hatimaye mama akaja kwenye simu ya jirani. Shangazi akabandika sikio. Mama akasema, "Picha tumeiona. Umekuwa mrefu. Maua mazuri sana." Nikasikia kuku wa jirani wanapita karibu yake, kuku wa Tukuyu kabisa. "Msikilize shangazi yako, mwanangu." Simu ikakatwa. Shangazi akanipapasa kichwa, akasema umeona, mama yako anafurahi. Hakujua kilichokuwa kinazungumzwa. Nilikuwa peke yangu ninayejua kwamba mama ameiona mikono na bado ameniambia nibaki, na tangu siku hiyo sikuinua mikono tena. Safari mbili zilizofuata nilitabasamu bila kubanwa.

Aliyenitoa hakuwa wa kwetu. Nilikuwa na miaka kumi na sita, niko chini kwenye chumba cha mashine za kufulia, akaingia jirani mmoja Mkongo na kapu lake. Akasimama. "Mutoto, minakuonaka hapa kila siku. Unasomaka wapi?" Hakuna mtu alikuwa ameniuliza hivyo, si kanisani, si kwenye sherehe za ubatizo ambako nilipakua chakula mbele ya Watanzania mia na kila mmoja akaniambia hongera kwa kumsaidia shangazi yako. Nilimwambia mama yule yote nimesimama, nguo zikizunguka nyuma yetu. Kesho yake sikupanda tena ghorofa ya pili. Lakini karatasi zangu zilichukua miaka kukaa sawa, kwa hiyo nilipoiona Tukuyu tena nilikuwa na miaka thelathini na minane.

Picha ilikuwa ukutani, ndani ya kioo, kati ya baba na kalenda. Nilikunywa chai kwanza. Nikauliza watu na mashamba. Kisha nikamwuliza mama kama aliwahi kuitazama vizuri. Akasema anaitazama kila siku. Na mikono? Akasema, "Mama Doris aliniambia jua la huko ni kali, ulikuwa unajikinga." Basi hapo ndipo nilipomweka Mama Doris kwenye orodha, yeye na gundi yake. Ugomvi hakuutaka nyumbani kwake siku ile, na aibu hakuitaka mikononi mwake alipofika Tukuyu. Nikaitoa picha ukutani nikaipeleka mlangoni penye mwanga. Nikamwonyesha mama majani, miguu ya Anko, begi, Kelvin. Hakuna mwenye kivuli. Hakuna hata kimoja. Juu ya vichwa vyetu ni yale mawingu, yamejaa fremu nzima.

"Jua liko wapi hapa, mama?"

Alichukua ncha ya kanga akafuta kioo, akafuta tena mahali palepale ambapo palikuwa safi. Mwanamke ambaye alikuwa akinishusha mikono kwa kofi hata nikijikuna.

"Nilitaka liwe jua," akasema.

Mama yangu anaitwa Subilaga. Nalo nimeliandika.

Siku hizi nakaa Arlington. Shangazi yuko Plano, amestaafu, yuko mstari wa mbele kanisani, hunitumia kwenye simu picha za maua ya buluu zenye maandishi ya baraka. Simjibu. Gari nililonalo ni langu, na siku nilipoletewa nilifungua milango ya nyuma mmoja baada ya mwingine, nikakikuta kile kidude, nikakizungusha kwa ncha ya ufunguo mpaka kikalegea. Bado siwezi kukaa kiti cha nyuma cha gari la mtu. Kila majira ya machipuo naiendesha njia ile ya Houston, polepole kama Anko, malori yakinipigia honi, na sijui kwa nini naendelea kwenda. Binti yangu Lulu, darasa la kumi, hukaa mbele ameweka miguu juu ya dashibodi. "Mama, twende bwana. Flowers ni flowers tu." Anapotaka kushuka anashuka. Mimi ndiye ninayekaa kidogo ndani kwanza, mkono kwenye kitasa, nakijaribu.

Majira haya tulisimama karibu na Ennis, na hapo palikuwa na familia moja, siwajui, watu wazima wawili na watoto watatu. Yule baba akanipa simu yake niwapige picha wote. Wakajipanga. Nikainua, nikaanza kuhesabu, na msichana wa nyuma, wa miaka kumi na moja hivi, akapandisha mikono yote miwili kichwani. Jua lilikuwa linawaka kweli siku hiyo. Sikubonyeza. Nilishusha simu nikamwuliza, kwa Kiingereza changu hiki cha minara ya maji, kama yuko salama. Wazazi wakatazamana. Lulu nyuma yangu akasema, "Mama, please." Msichana akasema ni nyuki. Nikatembea ndani ya maua, nikapita katikati ya baba na mama yake waliokuwa wameacha kutabasamu, nikainama juu ya nywele za mtoto wa watu, nikatafuta mpaka nikamwona nyuki mwenyewe, ameng'ang'ania kwenye utepe. Nikampeperusha. Ndipo nikarudi, nikabonyeza.